Usisifu Gari la Upepo Kabla ya Asubuhi

Kuna Prado nyeupe mjini Busia ambayo imepata sifa kuliko inavyostahili. Ilikuwa na ugonjwa unaojulikana: jioni inaegeshwa ikiwa sawa, asubuhi nyuma imekaa chini, kushoto zaidi ya kulia. Kijana mmoja akaishughulikia kwa muda wa kunywa chai na mandazi. Ikasimama. Mwenyewe akalipa bila kubishania bei, kisha akamtangaza fundi wake kuanzia kwa wabadilishaji fedha wa mpakani mpaka hoteli za samaki. Nikainama, nikachungulia chini. Mifuko ya upepo iliyokuwa ikiibeba nyuma imeng'olewa yote miwili, mahali pake pana springi za chuma za gari jingine, na taa ya dashibodi iliyokuwa ikilalamika imezibwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Waliokuwa wamesimama pale wakaniambia ni kazi safi.

Kijana simlaumu sana. Aliombwa alisimamishe gari, naye amelisimamisha. Ninaowalaumu ni wanaosifu. Fundi hufuata macho ya mteja, na wateja wa Busia na Malaba wamezoea kutazama jambo moja tu: gari limesimama au halijasimama. Gari la upepo lililotoka gereji sasa hivi litasimama hata kama limezibwa kwa mate. La kuuliza ni litakuwaje alfajiri.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakifanyiki gereji. Egesha gari mahali palipo sawa, zima, chukua futi ya mshonaji nguo, upime kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa bodi juu ya gurudumu, kushoto na kulia. Andika. Usipime kutoka ardhini: anayepima kutoka ardhini anapima matairi, na magari mengi ya hapa yana tairi jipya upande mmoja na kipara upande wa pili. Kisha funga milango uende ukalale. Asubuhi pima tena kabla ya kugusa mlango, kwa sababu mlango ukifunguliwa gari kama X5 huamka na kuanza kujipanga, na ushahidi wako umepotea. Tofauti ya milimita chache naisamehe, kwani upepo husinyaa usiku wa baridi. Ikizidi upana wa kidole gumba, kazi ni mbovu, hata fundi aape kwa jina la mama yake.

Tena tazama limeangukaje. Upande mmoja ukianguka peke yake, anza na mfuko wa upande huo au paipu yake. Pande zote mbili zikishuka pamoja sawasawa, iache mifuko kwanza, nenda kwenye valvu. Gari likilala na kuamka limesimama vizuri, lakini likipakiwa mzigo linakaa chini lisiinuke, hapo ndipo uitazame kompresa. Fundi anayeanza na kompresa kabla ya kuuliza gari lililalaje anauza kompresa.

Mafundi bora wa kazi hii upande wetu walitoka kwenye malori, wala si ajabu. Barabara kuu ya kutoka Mombasa inaingilia Uganda pale Malaba, na trela nyingi zinazopita zimekalia mifuko ya upepo. Mtu aliyekulia chini ya trela ana sikio ambalo shule haimpi mtu. Mzee mmoja wa Malaba ninayemheshimu alifundishwa na malori, akahitimu kwa Discovery 2 za mashirika ya misaada, zile zenye upepo nyuma tu. Kabla ya kugusa spana alikuwa anazima redio ya kila mtu uwanjani, anawafukuza wapiga soga, kisha anaingia chini na kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine inatembea juu ya paipu. Alikuwa hasemi neno mpaka atoke. Mpaka leo fundi anayetafuta uvujaji huku redio inaimba simpi gari langu, na sioni haja ya kueleza zaidi.

Lakini lori humharibu fundi pia. Kompresa ya lori inaendeshwa na injini. Injini ikizunguka, nayo inazunguka, kwa hiyo lori linaweza kuvuja kutoka Webuye mpaka Kampala na likafika, dereva akiimba. Gari dogo lina mota ndogo ya umeme iliyokusudiwa kufanya kazi dakika chache kisha ipumzike. Ukiiachia uvujaji “mdogo tu”, itajaza na kujaza mpaka iungue. Fundi wa lori ambaye hajaielewa tofauti hiyo atakuambia kwa upole kabisa, “Hii inavuja kidogo, mzee, endelea kutembea.” Msalimie, uondoke.

Sasa nifike kwenye mkunjo wa mfuko, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wote wanapoanguka, na wengi hawajui hata kwamba wameanguka.

Mfuko wa nyuma si puto. Mpira umeshikwa juu kwenye bodi, unateremka, kisha unajikunja kuelekea ndani na kupanda tena kulivaa bomba la plastiki au chuma lililokaa juu ya eksili. Gari likipanda na kushuka, mkunjo ule unatembea juu ya bomba, unajiviringisha na kujiviringua, maelfu ya mara kati ya Bumala na Busia peke yake ukiyahesabu matuta. Sehemu ya mpira iliyolilalia bomba haionekani. Vumbi jekundu la barabara zetu linaingia pale, linakwama, linasaga. Ufa hauanzi nje mbele ya macho yako. Unaanzia pale ndani, mistari myembamba isiyokushtua hata ukiiona, na gari likiwa katika kimo chake cha kawaida mistari ile imebanwa kati ya mpira na bomba. Huenda isivuje kabisa kwa kimo hicho, ikaanza kuvuja gari likishuka kidogo au likipanda kidogo. Ndiyo maana mwenye gari hukuambia, “Siku nyingine linaanguka, siku nyingine halianguki.” Hana wazimu. Ni mkunjo.

Tazama sasa anavyofanya asiyejua. Anatia jeki, anainua bodi mpaka gurudumu linaning'inia. Hakuzima kidhibiti cha kimo. Gari linahisi kwamba limepanda kupita kiasi, na kwa uaminifu wake wote linafungua valvu na kuutoa upepo ili lishuke. Mfuko umebaki mtupu. Bwana fundi anachota maji ya sabuni, anapaka mfuko mtupu, anasubiri povu. Povu litoke wapi? Anafuta mikono, anamwita mwenye gari aje ashuhudie: “Unaona, mfuko ni mzima, shida ni kompresa.” Kisha anaishusha jeki, na uzito wote wa gari unaukalia mfuko usio na upepo. Mpira unabanwa palepale kwenye mkunjo, unapinda mahali usipozoea, na mfuko uliokuwa na ufa mmoja sasa una miwili. Gari lilikuja linavuja, linaondoka limeumizwa, na mteja amelipia kompresa.

Anayejua huanza kwa kuzima. Kwenye Prado kuna kitufe cha kuzima udhibiti wa kimo. Kwenye gari lisilo na kitufe anachomoa fyuzi. Upepo umebaki ndani. Kisha anainua bodi polepole, anaweka stendi chini ya fremu, si chini ya eksili, ili eksili ining'inie na mfuko unyooke. Kadiri unavyonyooka, mkunjo unajiviringua na ile sehemu iliyojificha inateremka mbele ya macho yake. Anaiosha kwa maji na brashi laini mpaka udongo uishe, maana sabuni juu ya matope haimwonyeshi mtu kitu. Ndipo anapaka sabuni, anawasha tochi, na anasubiri. Kusubiri ndiko kunakonipa jibu kuhusu fundi. Uvujaji mkubwa unapiga povu mara moja, na huo hata mtoto atauona. Ule wa kuangusha gari usiku kucha unatoa kipovu kimoja kidogo, kinavimba taratibu, kinapasuka, kinaanza kingine. Mzee wa Malaba alikuwa akipaka sabuni kisha anawasha sigara, na sigara ikiisha anatazama. Mimi sivuti, lakini muda wa sigara nimeuweka kuwa sheria. Sabuni nayo iwe ya kipande, iliyokunwa na kulowekwa tangu jana. Hii ya maji ya kuoshea vyombo inatoa povu lake yenyewe, inamdanganya mtu.

Kwenye magari ambayo mfuko umefunikwa na kopo la chuma, kama Discovery 3, sabuni haifiki mkunjoni. Hapo rudi kwenye sikio na kile kipande cha mpira wa maji.

Ukitaka kumjua fundi kwa swali moja, muulize, “Umeutazama mkunjo gari likiwa juu?” Akikujibu kwamba amepaka sabuni kila mahali, hajautazama.

Kompresa iliyoungua ni maiti, na fundi wa kweli hazungumzii jeneza kabla ya kumtafuta muuaji. Wauaji ni wachache. Wa kwanza ni huo mkunjo. Wa pili ni rilei iliyogandana: mota haizimiki, inapiga mpaka inakufa, na kompresa mpya ikifungwa juu ya rilei ileile inafuata njia ya mwenzake. Rilei haina bei ya kuogofya. Kazi ya kompresa mpya iliyofanywa bila rilei mpya naiita kazi nusu, hata kama sehemu nyingine zote ni safi. Wa tatu ni draya, ile inayokausha hewa. Hewa yetu ya huku karibu na ziwa ina unyevu, na punje za draya zikishiba maji husagika, unga wake unasafiri mpaka kwenye valvu, valvu inashindwa kufunga, na gari linaanguka pande zote mbili huku mifuko ni mizima, na kompresa inajaza mpaka iungue. Mwambie fundi akuonyeshe draya ya zamani. Akiitikisa na ikatoa unga mweupe, valvu zioshwe au zibadilishwe. Hapo hakuna maelewano.

Paipu nitazipita haraka. Ncha ikatwe kwa kisu kikali, mkato mnyofu. Ikikatwa kwa koleo, paipu inakuwa bapa na kiungo kitavuja milele. Utepe mweupe wa mabomba ya maji ukionekana kwenye kiungo cha upepo cha gari, huyo ni fundi bomba aliyepotea njia.

Sasa walaghai, na mpakani hatuna upungufu. Wapo wanaokata paipu, wanaitia nozo ya tairi, wanajaza upepo kwa kompresa ya pancha. Gari linasimama wima, mteja anapiga picha, na kabla ya wiki kwisha anasimama kila kituo cha mafuta kuanzia Busia mpaka Kisumu akijaza nyuma. Wapo wanaokunja kifimbo cha sensa ya kimo ili upande ulioanguka uonekane umepanda. Gari linadanganywa kuhusu kimo chake, linajaza zaidi ya inavyotakiwa, na mfuko dhaifu unabeba zaidi ya ule mzima. Futi yako itamkamata huyu: vimo viko sawa, lakini vifimbo viwili vya sensa havifanani. Wapo wanaopaka mfuko mkuukuu dawa ya kung'arisha matairi mpaka nyufa zinajaa weusi. Sugua kwa kitambaa cheupe, kisha ukunje mpira kwa kidole gumba chini ya jua. Na wapo waliobobea katika taa. Ukizungusha ufunguo, taa zote za dashibodi huwaka kidogo kisha huzima. Taa ya sasipensheni isipowaka kabisa, haijapona, imenyamazishwa.

Kuhusu vipuri, mtu wa mpakani ana masoko mawili: Kirinyaga Road kule Nairobi, na Kisekka kule Kampala. Wafanyabiashara wa pande zote mbili watakuuzia mfuko uliotumika “wa Japani”. Usinunue. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15, kwa hiyo gari linalofumuliwa liuzwe vipande mara nyingi ni lile lililozeeka mno kuingia zima, na mfuko wake umezeeka kabla hujauona, na mpira huzeeka hata ukikaa rafuni. Watu huniambia wamenunua uliotumika na umekaa vizuri. Wameangalia mkunjo? Tena mifuko hununuliwa miwili. Anayebadilisha mmoja atarudi kwa ajili ya wa pili, na atarudi akiwa na hasira.

Magari ya transit, yale yanayopita tu Kenya kwenda ng'ambo, yananisikitisha kuliko yote. Yanatoka melini Mombasa, yamekaa yadini siku nyingi nyuma ikiwa chini, mpira umebanwa mahali pamoja. Kisha yanawashwa, yanapanda, yanaendeshwa mpaka mpakani bila kupumzika. Mnunuzi wa ng'ambo analipokea lake likiwa limesimama, anafurahi. Ningekuwa yeye ningelaza futi chini ya mto wangu usiku ule.

Kipimo cha mwisho ni mzigo, kwa kuwa mzigo ndio sababu ya upepo kuwekwa nyuma. Pakia magunia manne ya mahindi ya kilo 90, injini ikiwa inaunguruma. Nyuma itakaa chini, kisha ipande taratibu irudi karibu na kimo ulichoandika. Hapo watu hupiga makofi na kuondoka, na hapo ndipo wanapokosea. Shusha magunia. Nyuma itainuka juu kupita kiasi, na ni lazima itulie, itoe upepo, iteremke. Gari linalopanda na lisiloteremka lina valvu mbovu au sensa mbovu, na fundi wake alijaribu nusu ya kazi. Nimeona X5 ikiranda Malaba nyuma imebinuka juu, mwenyewe akidhani ni mtindo.

Nirudi kwenye springi za chuma, maana najua nitajibiwa kwamba ni rahisi na hazivuji. Hoja hiyo ni ya zamani kuliko sisi. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilitoka kiwandani na upepo magurudumu yote manne, na wamiliki wengi Marekani waliishia kuweka springi. Sawa. Lakini gari la springi lililopakiwa nyuma linainua taa za mbele. Nenda usiku barabara ya Malaba kuelekea Bungoma, kwenye msururu wa malori, ukutane na Prado ya namna hiyo imebeba trei za mayai mpaka dirishani. Hutaona barabara. Mwenye gari aliyeamua springi kwa sababu vipuri vimemshinda, na akarekebisha taa, simgombezi. Fundi anayeweka springi kwa sababu hajui kutafuta ufa, huyo amelivua gari sehemu ya thamani yake na kulipwa kwa kulivua.

Zamani kazi hii ilikuwa na msaidizi ambaye hakulipwa, naye ni foleni. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kile kilichofunguliwa na Marais Kenyatta na Museveni tarehe 24 Februari 2018, mtu aligongewa mihuri huku, akavuka, akagongewa tena kule, na gari lililosubiri makaratasi lililala. Likilala linasema ukweli. Fundi alikuwa anapita alfajiri kati ya magari yaliyoegeshwa, anayatazama migongo, na anajua nani atamtafuta saa mbili. Mwaka 2020, madereva waliposubiri majibu ya korona na msururu wa Malaba ukanyoosha kilomita kwa kilomita, niliona kwa mara ya mwisho mafundi wakifanya kazi bila haraka: wanapaka sabuni, wanakaa, wanaongea, wanarudi kutazama. Siku hizi mtu anavuka upesi, na anataka gari lipone upesi vilevile. Mpaka umekuwa wa haraka. Ufa wa mpira unajitokeza kwa mwendo wake wa zamani.

Ndugu msomaji, ukipeleka gari la upepo kwa fundi, mwachie lilale kwake, na lipa nusu. Nenda alfajiri na futi yako, ukapime kabla hajafungua mlango. Likiwa katika kimo kilekile, mlipe nusu iliyobaki na umwongezee ya chai, maana huyo ni adimu. Fundi asiyekubali gari lilale, chukua ufunguo wako mkononi mwake kwa heshima, upeleke kwingine.